Akhwari alimaliza, Fish hakuingia uwanjani: filamu za afya ya akili nilizowaonesha wanariadha wangu

Nianze na jibu, maana wengine mnasoma hivi huku bando linaisha. Kama una jioni moja tu, tazama Untold: Breaking Point, ile ya mcheza tenisi Mardy Fish. Kama unatafuta ya kuwaonesha vijana wa kidato cha pili ambao hata hawajui pointi za tenisi zinahesabiwaje, anza na kipindi cha kwanza cha Simone Biles Rising. The Weight of Gold itazame kwanza wewe mwenyewe, mlango umefungwa, ndipo uamue nani mwingine aione. Naomi Osaka ni ya watu wenye subira. Na Mind/Game, iliyonitesa kuliko zote kuipata, inathubutu kusema jambo ambalo nyingine zote zimelizunguka.

Mimi ni mwalimu wa michezo hapa Babati, mkoani Manyara. Nina vipindi vya Jiografia pia, ila nikipita sokoni naitwa Madam Michezo, basi. Nilikimbia mita 800 nikiwa mwanafunzi, sasa nakimbiza watoto wa wenzangu. Muhula uliopita tulianzisha sinema ya Ijumaa bwaloni kwa timu za riadha na netiboli: projekta ya shule, shuka jeupe la bweni la wasichana ukutani, na mimi pembeni na rimoti, nasimamisha kila mara kueleza kilichosemwa kwa sababu nakala nilizopata hazikuwa na maandishi ya Kiswahili. Mada ya afya ya akili niliichagua baada ya binti mmoja wa mita 1500, mwenye mbio nzuri kuliko zangu za enzi hizo, kuacha kula wiki ya mashindano ya wilaya. Matroni ndiye aliyegundua. Wenzake walipoulizwa walisema tu "ana mambo yake", na wavulana wakaleta ule utani wao wa Mirembe. Kwa wasio wa huku: Mirembe ni hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, iko Dodoma, na jina lake watu wameligeuza tusi.

Kigezo changu kikubwa kilikuwa muda. Mwanafunzi aliyetoka mazoezini saa kumi na mbili jioni, akala ugali na maharage, ukimkalisha gizani saa mbili atakoroma. Kwa hiyo nilitafuta zinazoisha ndani ya saa moja na nusu, au zilizokatwa vipindi.

Breaking Point ilitoka Netflix Septemba 2021, kazi ya ndugu wawili, Chapman na Maclain Way. Inamhusu Fish, Mmarekani ambaye ujanani aliishi nyumbani kwa akina Andy Roddick, Boca Raton huko Florida, wakisoma na kufanya mazoezi pamoja. Roddick akapaa: mwaka 2003 alichukua US Open, mashindano makubwa ya tenisi ya Marekani, na kuwa namba moja duniani. Fish akabaki kuwa yule rafiki yake Roddick. Alipata medali ya fedha Olimpiki ya Athens 2004, na hata fainali hiyo alikuwa anaongoza seti mbili kwa moja dhidi ya Nicolás Massú wa Chile kabla haijamponyoka. Miaka ikaenda. Mwisho akaamua kujibadilisha: akapunguza mwili sana, akabadili chakula, akazidisha mazoezi, na mwaka 2011 akafika namba saba duniani, juu ya Roddick mwenyewe.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Mwaka 2012 moyo ulianza kumwenda mbio ovyo, akatibiwa, ukatulia. Hofu ndiyo haikutulia. Filamu inaeleza sehemu hii kwa utaratibu mzuri sana, hatua kwa hatua, jinsi hofu ilivyomvamia kwanza usiku, kisha mchana akiwa peke yake, hadi ikafika asiweze kukaa bila mkewe karibu. Uwanja ndio ulikuwa umebaki kuwa mahali pake pa salama. Kisha ikaja raundi ya tatu ya US Open 2012, mechi ya usiku na Gilles Simon, na hofu ikamkuta humo humo uwanjani. Akashinda hivyo hivyo. Aliyefuata alikuwa Roger Federer, mmoja wa magwiji wa tenisi, raundi ya nne, siku ya sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani, nchi nzima iko mbele ya televisheni.

Hakucheza. Fish na mkewe Stacey wanasimulia safari ya gari kuelekea uwanjani, yeye hajiwezi kwa hofu, na mke anamwambia kwamba si lazima acheze. Hana lililompata, hajateguka popote, na mpinzani ni Federer. Nilisimamisha pale nieleze, lakini kabla sijafungua mdomo, golikipa wa timu ya mpira, ambaye hata hakualikwa, akauliza kutoka nyuma: "Madam, kwa hiyo jamaa aliingia mitini?"

Ijumaa hiyo tulikuwa na mgeni, mzee mmoja wa kamati ya wazazi, mkulima wa mbaazi, aliyekuja kukagua kama kweli ni masomo au ni filamu za ngumi. Hakumgeukia golikipa. Alisema maneno mawili tu, akiangalia shuka: "Akhwari alimaliza."

Huku kwetu hayo maneno mawili yanatosha. John Stephen Akhwari ni mzaliwa wa Mbulu, jirani zetu hapo. Oktoba 1968, marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, alianguka, goti likateguka, likafungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, watazamaji wengi wameshaondoka. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili elfu tano akaanze mbio, ilimtuma akazimalize. Mkimbiaji wa Manyara hulijua jibu hilo kabla hajawahi kuvaa viatu vyenye misumari. Mimi mwenyewe hulirudia kwenye basi kila tunapokwenda UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Sasa fikiria uzito wa kumweka mtoto aliyelelewa na hadithi hiyo mbele ya mtu mwenye miguu miwili mizima anayeamua kutoingia uwanjani, halafu umwambie huyu naye amefanya jambo la maana.

Waliobishana ni wao, mimi nilishika rimoti tu. Mmoja akasema Fish ana hela, angeweza kupoteza mechi na bado akala vizuri. Mwingine akasema angecheza hata gemu moja kwa heshima ya waliokata tiketi. Ndipo binti wa kidato cha tatu, mruka viunzi, asiyezungumza hata darasani, akamgeukia mzee: "Babu, Akhwari goti lake lilifungwa bandeji. Huyu wangemfunga wapi?"

Mzee alicheka kidogo, akavua kofia. "Mjukuu wangu, hilo umenishika." Ijumaa iliyofuata alirudi bila kuitwa, na akaja na mkewe.

Kwa mtazamo wangu ndiyo sababu filamu hii iko juu ya nyingine. Haikuogopa kumwacha mwanamichezo katika hali ambayo sisi wapenzi wa michezo tunaiona aibu. Haikumtafutia kisingizio cha jeraha. Na haikuishia hapo: Fish alirudi mwaka 2015 kuagana na mashabiki kwenye US Open ile ile, raundi ya pili akacheza seti tano na Feliciano López. Alifika mahali pa kuanzisha mpira (kusevu) kwa ajili ya ushindi, misuli ikamkaza, akapoteza. Mzee wa mbaazi aliipenda sehemu hii kuliko zote, akasema, "Kumbe na huyu alimaliza, ila kwa miaka mitatu." Sikuwa nimeliona kwa jicho hilo.

Kasoro zipo. Robo ya kwanza inakaa sana kwenye kilio cha Wamarekani cha kukosa bingwa wa kiume baada ya kizazi cha Sampras na Agassi, na kwa mtu wa Babati kilio hicho hakimtoi chozi. Halafu matibabu yanapita haraka mno. Tunajua alikaa nyumbani miezi mingi bila kutoka, tunajua alipata msaada wa daktari, lakini jinsi mtu anavyotoka kitandani siku ya kwanza, ya pili, ya kumi, filamu inaruka. Kwa vijana hicho ndicho kipande wanachokihitaji.

Simone Biles Rising ni ya Katie Walsh, vipindi vinne Netflix: viwili vilitoka Julai 2024 kabla ya Olimpiki ya Paris, viwili Oktoba baada yake. Kwa vijana hii inaingia upesi kwa sababu hatari yake inaonekana kwa macho. Tarehe 27 Julai 2021, Tokyo, fainali ya timu, Biles, mwana jimnastiki wa Marekani, anakimbia kuelekea kwenye meza ya kuruka. Alipanga kujizungusha mara mbili na nusu hewani. Akajizungusha mara moja na nusu, akatua kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Wana jimnastiki wana jina lao kwa hali hiyo. Kwa lugha ya kawaida ni kwamba akili imepoteza mahali mwili ulipo hewani, hujui juu ni wapi na chini ni wapi. Ukiendelea kuruka hivyo unatua kwa shingo. Golikipa yule yule wa Ijumaa iliyopita alisema mwenyewe bila kusukumwa, "Hapa hata mimi naacha."

Kapteni wa netiboli alitaka kujua jambo jingine kabisa: wenzake walimchukuliaje? Ni swali la kapteni, na filamu inalijibu vizuri. Biles alipojitoa, mwenzake Jordan Chiles aliingia kwenye vyuma viwili vya kuning'inia na kwenye boriti nyembamba ya kusimama juu yake, ambako hakuwa amepangwa kushindana siku hiyo, na timu ikaondoka na fedha nyuma ya Warusi. Biles hakwenda kujificha hotelini. Alibaki pale pembeni akishangilia. Tarehe 3 Agosti akarudi kwenye boriti, akapunguza ugumu wa kuteremka kwake, akapata shaba.

Kuna kipande kimoja cha nyumbani kwake ambacho nawashauri msikiruke. Biles ana kabati ambamo amefungia vitu vya Tokyo, nguo na kila alichopewa, na yeye mwenyewe analitaja kama kabati la mwiko. Anaingia humo, anakaa, analia, anatoka. Wasichana wangu walikaa kimya hapo kuliko hata kwenye ule mruko mbaya. Nadhani kila mmoja ana sanduku lake la bati lenye kitu fulani chini kabisa.

Lalamiko langu: Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ina mkono wake katika utengenezaji, na unauona. Kila kitu kinang'aa. Vipindi viwili vya mwisho vinageuka hadithi ya ushindi wa kawaida: Paris, dhahabu tatu na fedha moja, wimbo wa taifa, machozi mazuri. Sina kinyongo na dhahabu zake, alizitolea jasho. Shida ni hesabu anayobaki nayo mtoto wa miaka kumi na tano: pumzika, ongea na mshauri, utarudi na dhahabu. Vipi yule atakayepumzika, akaongea na mshauri, akarudi wa sita? Mimi niliwaonesha viwili vya kwanza tu, nikaacha hapo. Na tahadhari kwa walimu: filamu inagusa unyanyasaji wa kingono wa Larry Nassar, daktari wa timu ya jimnastiki ya Marekani, ambaye Biles ni mmoja wa waathirika wake. Usiioneshe bila mwalimu wa kike au matroni kuwepo, na usiwafungie vijana mlango mara baada ya kuisha. Mmoja anaweza kuwa na la kusema, na atataka kulisema usiku huo huo.

The Weight of Gold niliikuta kwenye flashi ya mwalimu mwenzangu, tusiulizane ilifikaje. Ni ya HBO, imeongozwa na Brett Rapkin, saa moja kamili, ilitoka Julai 2020, mwezi ambao Olimpiki ya Tokyo ingeanza kama si korona. Msimulizi ni Michael Phelps, muogeleaji mwenye medali 28 za Olimpiki, 23 kati yake dhahabu. Swali lake ni moja na ni zuri: nini kinamtokea mtu aliyeandaliwa tangu utotoni kwa ajili ya dakika moja, siku dakika hiyo ikishapita?

Phelps anajibu kwa kujitumia yeye. Anaeleza jinsi kila baada ya michezo alivyozama, na jinsi mwaka 2014, baada ya kukamatwa akiendesha gari amelewa, alivyofika mahali pa kutotaka kuishi. Wavulana wangu hawakuamini. Mmoja alitaka nihesabu tena medali, kana kwamba 23 ikithibitishwa huzuni itafutika. Baada yake wanafuata wengi: Apolo Ohno, Shaun White, Bode Miller, Gracie Gold, Sasha Cohen, Jeremy Bloom, David Boudia. Wengi mno. Mtu anafungua mdomo, unaanza kumzoea uso, anakatwa, anaingia mwingine. Michezo yao mingi ni ya theluji na barafu, na nililazimika kueleza mashindano ya kuteleza kwa kigari barafuni kwa watoto ambao barafu wanaijua kwenye friji la duka la soda.

Lolo Jones ndiye aliyewashika. Beijing 2008, mita 100 viunzi, anaongoza fainali, anagonga kiunzi cha tisa kati ya kumi, anamaliza wa saba. Yule binti wangu wa viunzi aliomba nirudishe. Nikarudisha. Akaomba tena. Sikujua anachoangalia hadi aliponiambia kwamba anaangalia uso, siyo mguu.

Sasa sababu ya kusema uitazame kwanza peke yako. Kati ya wanaozungumza humo yupo Steven Holcomb, nahodha wa kigari cha barafu aliyewapa Marekani dhahabu Vancouver 2010. Anazungumza vizuri, kwa utulivu, unampenda. Halafu filamu inakwambia alikutwa amefariki Mei 2017, kwenye kituo cha mazoezi cha Lake Placid, akiwa na miaka 37. Mwenzake Katie Uhlaender anamzungumzia, na hapo hata mimi niliinuka kwenda kunywa maji. Wanatajwa pia waliojitoa uhai, kama Jeret Peterson, aliyekufa mwaka mmoja na nusu hivi baada ya kupata medali ya fedha ya Vancouver. Filamu haina ubaya katika kusema hayo, na haielezi njia kwa namna ya kumtamanisha mtu. Lakini ni mzigo. Wanafunzi niliwaonesha sehemu ya Phelps na ya Lolo Jones, zikabaki kwangu nyingine. Kwa makocha wa klabu, wazazi, na viongozi wa vyama vya michezo, ningeifanya ya lazima.

Nina shaka nayo moja. Phelps ni msimulizi, ni mmoja wa wazalishaji wakuu, na nje ya filamu amewahi kuwa sura ya matangazo ya kampuni ya ushauri wa kisaikolojia kwa njia ya simu. Sisemi anadanganya, maumivu yake unayaona. Nasema tu kwamba filamu inajua kudai washauri wengi zaidi kwa wanamichezo, na haithubutu kuuliza kama ilikuwa sawa mtoto wa miaka saba kuamshwa saa kumi na moja alfajiri akaogelee kila siku ya Mungu. Hilo lingewagusa wengi waliolipia hiyo kazi. Lingenigusa na mimi, kwa kweli, maana mazoezi yangu ya asubuhi yanaanza saa kumi na moja na nusu.

Naomi Osaka, ya Garrett Bradley, inamhusu mcheza tenisi wa Japani mwenye jina hilo: vipindi vitatu, Netflix, Julai 2021. Nzuri kwa macho, polepole, mwenyewe akizungumza kama anajiuliza. Kipande cha kukumbuka ni anapojirekodi kwa simu baada ya kifo cha nyota wa kikapu Kobe Bryant Januari 2020, siku chache baada ya kufungwa na Coco Gauff Australia, akijilaumu kwamba alitakiwa aurithi ukakamavu wa Kobe na badala yake anapoteza mechi. Hakuna mwandishi wa habari aliyemuuliza. Ni binti na simu yake. Pia anauliza yeye ni nani kama si mcheza tenisi mzuri, na hilo lingetosha kipindi kizima. Ila bwaloni walisinzia. Na ujue haigusi sakata la Roland Garros, mashindano ya tenisi ya Ufaransa, pale alipotozwa faini ya dola 15,000 kwa kukataa mkutano na waandishi kisha akajitoa mwisho wa Mei 2021. Filamu ilikuwa imeshatengenezwa. Anayetafuta hilo atatoka mikono mitupu.

Kwa wale wanaoniuliza kuhusu vijana wasio wanamichezo: ipo Hiding in Plain Sight ya PBS, televisheni ya umma ya Marekani, 2022, Ken Burns, mtengenezaji maarufu wa filamu za kumbukumbu, akiwa mzalishaji mkuu. Zaidi ya vijana ishirini wanaeleza maradhi yao wenyewe, bila mtangazaji wa kuwatafsiria maisha yao. Ni ndefu, sehemu mbili za karibu saa mbili kila moja, kwa hiyo kwa sinema ya shule haifai nzima nzima. Chagua kijana mmoja, onesha dakika zake, zima. Mshauri nasaha wetu anaitumia hivyo na anasema inafungua midomo kuliko mabango aliyobandika ofisini.

Imebaki Mind/Game. Niliitazama mara moja tu, kwenye kompyuta ya rafiki aliyekuja likizo kutoka Marekani, na tangu hapo naitafuta. Ni ya Rick Goldsmith, 2015, chini ya saa moja, sauti ya msimulizi ni ya mwigizaji Glenn Close. Inamhusu Chamique Holdsclaw, mcheza kikapu aliyelelewa na bibi yake Astoria, Queens, New York, kwenye majengo ya serikali. Chuo Kikuu cha Tennessee, chini ya kocha Pat Summitt, alichukua ubingwa wa vyuo miaka mitatu mfululizo, 1996 hadi 1998. Mwaka 1999 alikuwa wa kwanza kuchaguliwa kuingia ligi ya wanawake ya Marekani. Bibi alipofariki mwaka 2002, kila kitu kikaanza kulegea. Akaacha timu katikati ya msimu, watu wakasema ana maringo. Alipokuja kusema hadharani kwamba ana sonona, wengi walidhani hadithi imeisha vizuri.

Haikuisha. Novemba 2012, Atlanta, alilivamia gari la aliyekuwa mpenzi wake, akavunja kioo, akapiga risasi. Hakuna aliyeumia. Alikamatwa, akakiri makosa mahakamani, na katika kipindi hicho akaja kujua kwamba ugonjwa wake ni ule wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, ambao alikuwa hajautibu ipasavyo. Goldsmith haipambi sehemu hii wala haikimbii. Kuna mtu aliyetishwa na risasi ile, naye anabaki kuwa mtu wa kweli mwenye haki yake. Fish alijiumiza yeye mwenyewe tu. Biles, Osaka, Phelps, ukiacha ile siku ya gari, wote wanapendeka hata wakiwa chini. Holdsclaw alimtia hofu mtu mwingine. Na vijana wangu wanaishi na watu wa namna hiyo: baba anayevunja vyombo, kaka aliyemfukuza mtu na panga, shangazi ambaye kijiji kimeamua ana mashetani. Hawajawahi kuoneshwa mtu kama huyo akihukumiwa na kutibiwa kwa wakati mmoja, halafu akazunguka shule na vyuo akieleza alichofanya.

Ndiyo ningependa kidato cha tano na cha sita waione, wakubwa tu, na mshauri nasaha akiwepo. Shida ni nakala. Mkuu wa shule amepiga marufuku flashi zisizojulikana zilikotoka, na kwa hili simlaumu. Mwenye kujua njia halali ya kuipata kwa ajili ya kuonesha shuleni anielekeze. Kidato cha sita wanafanya mtihani Mei, na baada ya hapo siwapati tena.